Kilo Peke Yake Haikumtosha Hata Launceston Elliot

"Kocha, we acha kilo zipande, mtindo utakuja wenyewe." Nimeisikia hii hadi masikio yanauma. Anayeisema mgongo umepinda, kisigino kimoja kiko hewani, chuma kinayumba juu ya kichwa, na rafiki yake anamrekodi kwa simu. Ukimkosoa anakutajia wababe wa zamani: eti hawakuwa na makocha wala mambo ya mtindo, walinyanyua tu wakawa mabingwa. Siku hizi anayetajwa ni Launceston Elliot, Mskoti aliyetwaa ubingwa wa Olimpiki kule Athens mwaka 1896. Haya, tumchukue huyo huyo, maana ndiye anayewaumbua.

Kwanza, kocha alikuwa naye. Elliot alifundishwa London na Eugen Sandow, mtu aliyejulikana Ulaya nzima kwa misuli yake. Akiwa na miaka 16 tu, mwaka 1891, alikuwa tayari jukwaani kwenye mashindano makubwa ya London. Huyo si mtu aliyeokota chuma njiani.

Pili, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize: tarehe 7 Aprili 1896, kwenye unyanyuaji wa mikono miwili, Elliot na Viggo Jensen wa Denmark walifika wote kilo 111.5. Sare. Mwamuzi alikuwa Prince George, mwana wa mfalme wa Ugiriki, naye akampa Jensen ushindi kwa sababu alinyanyua kwa mtindo safi zaidi, ilhali Elliot alisogeza mguu. Waingereza, upande wa Elliot, wakalalamika. Wakaruhusiwa wote wawili kujaribu tena, hakuna aliyepanda zaidi, uamuzi ukabaki pale pale. Kilo zilikuwa zile zile. Kilichomponza Elliot ni mguu mmoja.

Ubingwa wake ulitoka kwenye mkono mmoja, mchezo uliofuata: kilo 71 kwa 57 za Jensen. Wapenda kilo huitaja tofauti hiyo ya kilo 14 kwa mbwembwe, wakasahau kwamba Jensen alikuwa ameshaumia bega akijaribu mzigo mkubwa zaidi kwenye mikono miwili. Bega likishaumia, nguvu zako zote zinabaki za kusimulia.

Leo sheria ni kali kuliko za Prince George. Wakati ule mtindo uliamua sare. Sasa mtindo mbaya unafuta unyanyuaji wenyewe. Ukikunja kiwiko kisha ukamalizia kusukuma, taa nyekundu ya waamuzi: unyanyuaji haukubaliki. Ukishindwa kutulia na nyayo zako kwenye mstari mmoja, taa nyekundu, hata kama chuma kiko juu. Ndiyo maana mimi huchora nyayo za mwanafunzi kwa chaki sakafuni, na haongezi hata sahani ndogo ya uzito kwenye chuma kabla hajaweza kumaliza akiwa amesimama ndani ya nyayo zilizonyooka. Wananiita mwalimu wa chekechea. Sawa tu.

Yapo na mengine ninayoambiwa, nitayajibu moja moja. "Mwenye nguvu za chuma anamshinda yeyote." Athens hiyo hiyo Elliot aliingia mieleka akatolewa na Carl Schuhmann, Mjerumani mfupi wa jimnastiki, ambaye ndiye aliyebeba ubingwa wa mieleka. Alikimbia pia mita 100, hakuvuka mchujo. Kupanda kamba, akashika mkia. Nguvu hufuata unachokifanyia mazoezi.

"Alivaa dhahabu." Hakuna aliyevaa. Mshindi wa 1896 alipewa medali ya fedha na tawi la mzeituni.

"Alishinda kwenye uzito wake." Uzito upi? Hapakuwa na makundi ya uzito. Mwembamba na mnene walipambana pamoja, na Elliot alikuwa pande la mtu.

"Chuma kinadumaza watoto." Wazazi, nawasihi. Tafiti hazijaonyesha kwamba mazoezi ya chuma yenye usimamizi yanafupisha mtu. Kinachovunja watoto ni mzigo wa kubahatisha bila mtu wa kuwaangalia, yaani ile ile habari ya mtindo. Sisemi Elliot alirefuka kwa sababu ya vyuma. Alianza mapema na hakudumaa, basi.

"Ni mtoto wa Uskoti, kazaliwa na kulelewa huko." Ukoo wake ndio wa Uskoti. Yeye alizaliwa India mwaka 1874, akapewa jina la mji wa Tasmania, akashindana chini ya Uingereza.

La mwisho ni la wanaodhani baadaye aliishi kwa medali. Aliishi kwa maonyesho ya jukwaani. Alijitwika mabegani nondo ndefu yenye baiskeli na mwendeshaji wake kila upande, kisha akazunguka kwa kasi hadi waendeshaji wakaelea angani. Watu walilipa kutazama. Vijana wangu nao wameomba tuijaribu. Jibu ni hapana.