Nazi kwanza, saladi baadaye: kula vibichi bila kufilisika

Dada mmoja alikuja kliniki na daftari. Humo alikuwa ameandika kila alichokula kwa miezi mitano: tango, tikiti, mchicha, karoti, juisi ya nanasi. Hakuna kilichopita motoni, hakuna kilichotoka kwa mnyama. Alikuwa amepungua kilo kumi na moja, nywele zinabaki kwenye chanuo, na hedhi imekatika tangu mwezi wa tatu. "Lakini nashiba," akaniambia. Ni kweli alikuwa anashiba. Tumbo lilikuwa limejaa maji.

Mimi ni mtaalamu wa lishe hapa Dar es Salaam, na maswali ya kula mimea mibichi tupu nayapata kila wiki. Wengi wameona video za Ulaya au Marekani, wakahesabu bei ya lozi, chia na blenda ya nguvu, wakakata tamaa. Wengine, kama huyu dada, wameona kwamba kijani ni rahisi gengeni, wakadhani kazi imekwisha. Makosa yote mawili yana mzizi mmoja: hakuna aliyewaambia kalori zitatoka wapi.

Mboga za majani na matango zina kazi yake, ila si za kukubeba. Gramu 100 za tango zina kalori kama 15, za mchicha 23, za tikiti 30. Mtu mzima wa shughuli za kawaida anahitaji kama 2,000 kwa siku. Ukitaka kuzipata kwa tikiti peke yake itabidi ule karibu kilo saba, ganda pembeni. Ndiyo maana nasema nazi kwanza. Nyama ya nazi moja kubwa kiasi ina kalori zipatazo 1,400. Hakuna kitu kibichi mjini hapa kinachokupa nguvu nyingi hivyo kwa hela ndogo hivyo, na hakihitaji friji. Unaikuna kwenye mbuzi, unakamua tui la kasimile unalimwagia matunda, na machicha usitupe, changanya na ndizi zilizopondwa. Anayechoshwa na nazi kavu anunue koroma: ni laini, inalika kwa kijiko.

Baada ya nazi ni parachichi, karanga, ufuta na ndizi mbivu. Siku yangu ya kawaida nilipojaribu mwenyewe, wiki sita za Kwaresima, ilikuwa hivi. Asubuhi ndizi tano na konzi ya karanga zilizolala kwenye maji. Mchana parachichi kubwa, kachumbari, choroko zilizochipua na ndimu. Jioni nusu nazi na maembe mawili au papai. Ukijumlisha unavuka 2,000 bila kujikaza. Wiki ya kwanza nilikosea kama yule dada, nikala tikiti na matango mpaka kichwa kikauma, kwa hiyo sisemi kwa kumcheka mtu.

Kuhusu kununua, fuata msimu na usibishane nao. Maembe yanapofurika kuanzia Novemba, kula maembe. Machungwa ya Muheza yakishuka katikati ya mwaka, hamia huko. Papai na ndizi hazikosekani mwaka mzima. Ndizi nunua kwa mkungu pale Mabibo, Mahakama ya Ndizi, mgawane na jirani, na uchague zenye viwango tofauti vya kuiva ili zisikuivie zote siku moja. Buguruni na Temeke Stereo nenda jioni, wakati muuzaji anawaza usafiri wa kurudi, hapo ndipo mafungu yanapounganishwa. Parachichi lililobonyea upande mmoja linauzwa karibu na bure na nusu yake bado ni nzima. Cha kukwepa ni rafu ya supamaketi yenye tunda kutoka nje ya nchi. Tufaha la Afrika Kusini halina kitu ambacho pera halikupi, na kwa vitamini C pera linalishinda mbali.

Sasa korosho. Samahani kwa wanaojiita safi kabisa, lakini korosho "mbichi" ya dukani si mbichi. Ganda lake lina mafuta yanayobabua ngozi, muulize mtu yeyote wa Mtwara aliyebangua kwa mkono. Kwa hiyo hupitishwa kwenye moto au mvuke kabla ya kubanguliwa. Mimi sioni tatizo. Mwenye kuona tatizo abaki na karanga.

Kuna vitu ambavyo moto ndio umevifanya kuwa chakula, na hapa sina mzaha. Muhogo na kisamvu vina sumu ya sianidi. Bibi zetu walijua kuloweka, kuanika, kutwanga na kuchemsha muda mrefu kwa sababu. Watu wa Kongo wana jina la ugonjwa wa kupooza miguu unaotokana na muhogo mchungu usioandaliwa vizuri: konzo, neno la Kiyaka lenye maana ya miguu iliyofungwa. Muhogo mtamu watu hutafuna mbichi barabarani, najua, na kipande kimoja kwa mwenye afya kwa kawaida hakimdhuru. Ila kuufanya chakula chako cha kila siku ni jambo lingine kabisa. Maharage mekundu mabichi, hata punje nne tano, yanaweza kukutapisha usiku mzima, na kuyalowesha tu hakutoshi. Magimbi yatakuwasha koo. Kiazi mviringo chenye rangi ya kijani tupa.

Katika jamii ya kunde, ya kuliwa bila moto ni choroko. Zioshe, zilowe usiku mmoja, zimwage maji, zifunike kwa kitambaa safi kwenye chujio, uzisuuze asubuhi na jioni. Siku ya pili mkia umetoka, zile siku hiyo hiyo au ya tatu. Usizikalishe wiki. Joto na unyevu vinavyochipusha choroko ndivyo vinavyozalisha bakteria: mwaka 2011 Ujerumani ilipoteza zaidi ya watu 50 kwa E. coli iliyotokana na machipukizi ya uwatu, uwatu huu huu wa pwani yetu. Kwa mjamzito, mtoto mdogo, mzee au mwenye kinga dhaifu, machipukizi yapikwe.

Hapo ndipo usafi unapoingia. Sufuria inayochemka ilikuwa inakusamehe mengi, wewe umeiondoa. Mchicha wa Dar mwingi unamwagiliwa na maji ya mabonde, na uchafu wa mto Msimbazi tunaujua. Kwa majani ninayokula bila kupika namtafuta mkulima anayemwagilia maji ya kisima au ya bomba, au napanda mwenyewe kwenye viroba uani. Naosha jani moja moja kwenye maji yanayotiririka, kisha nasuuza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Chumvi na siki husaidia kung'oa uchafu na wadudu, haviui kila kijidudu. Kipindupindu kikitangazwa mtaani, saladi ya majani naiacha kabisa, nabaki na vyenye ganda la kumenya: ndizi, embe, parachichi, nazi. Karanga zilizosinyaa, zenye ukungu au uchungu zitupe mbali wala usimpe kuku. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haioneki kwa macho na haitoki kwa kuosha. Ilishaua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, kupitia mahindi.

Virutubisho vingine nitavipitia haraka. Ndimu kwenye mboga husaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Ufuta usage au utwange, punje nzima hupita kama ilivyoingia. Chumvi iwe yenye madini joto. Habari ya "vimeng'enya hai" vya chakula kibichi isikusumbue, asidi ya tumbo huvivunja vingi kama inavyovunja protini nyingine. Na nyanya iliyopikwa hukupa likopeni, ile rangi nyekundu yenye faida mwilini, nyingi kuliko mbichi, kwa hiyo moto si adui kila mara.

Vitamini B12 siipiti haraka. Haimo kwenye mmea wowote kwa kiasi cha kutegemea. Usiitegemee kwenye mwani wa unga unaouzwa mitandaoni, wala kwenye udongo uliobaki kwenye karoti. Ini linaweza kuwa na akiba ya miaka kadhaa, ndiyo maana watu hujisifu mwaka wa kwanza, halafu wa tatu vidole vinaanza kufa ganzi na kumbukumbu inayumba. Mishipa ya fahamu ikiharibika haitengenezeki yote. Ushauri wa The Vegan Society ya Uingereza ni kidonge cha angalau mikrogramu 10 kila siku, au 2,000 mara moja kwa wiki. Famasi zipo mpaka vichochoroni. Ukitaka kubana matumizi, bana kwingine.

Yule dada hakuwa peke yake. Chuo Kikuu cha Giessen, Ujerumani, kilihoji walaji vibichi zaidi ya 500 na kuchapisha matokeo mwaka 1999: karibu asilimia 30 ya wanawake walio chini ya miaka 45 hedhi ilikuwa imekatika kwa muda au kabisa, hasa waliokula vibichi karibu asilimia mia. Mwili ukiona akiba inaisha unafunga milango isiyo ya lazima. Kwa watoto, wajawazito na wanaonyonyesha mimi huwa nakataa mpango huu moja kwa moja, na mwenye kisukari anayetumia dawa asianze bila daktari wake.

Yule dada sikumwambia aache. Nilimwongezea nusu nazi, parachichi na karanga, nikamwandikia B12, na tukakubaliana vibichi viishie saa kumi jioni. Usiku anakula kunde zilizopikwa kwa tui. Alinuna kidogo kuhusu kunde. Mwezi wa nne baada ya hapo akanitumia ujumbe kwamba hedhi imerudi, na akauliza kama choroko nazo anaweza kuzitia nazi.