Bilinganya nyingi zinaharibikia kwenye friji, muuza genge mnamuonea tu

Habari zenu wapendwa. Leo toka huku kitengo cha hifadhi ya mazao tuongelee bilinganya, maana kesi ni ileile kila siku, mtu kanunua fungu zuri gengeni zinang'aa kabisa, kaingiza friji, siku ya tano anatoa zina vishimo na madoa ya kahawia, akikata mbegu nyeusi, basi lawama zote kwa muuza genge.

Jamani bilinganya ni zao la joto, baridi kali haiiwezi. Yenyewe inapenda nyuzi 10 mpaka 12 hivi, na friji ya nyumbani iko kama 4, sa pale inaungua kwa baridi. Ubaya wake ndani ya friji unaweza usione kitu, ukishaitoa ndo inaporomoka fasta.

Kwa hiyo kama unapika leo au kesho iache nje tu, sehemu ya kivuli inayopita hewa, mbali na jiko. Ila kwa joto la Dar mwezi wa kwanza huko nje itasinyaa mapema, hapo weka friji lakini chini kabisa kwenye droo ya mboga, ifunge na gazeti safi au mfuko wenye matundu usiukaze, na uipike ndani ya siku tatu nne. Usiioshe kwanza, na kile kikonyo usikikate, ukikata umefungua mlango wa kuoza.

Afu usiilaze kapu moja na ndizi mbivu, parachichi au nyanya zilizoiva, hivo vitu vinatoa gesi ya kuivisha inaitwa ethilini, bilinganya ikiipata kofia yake inabadilika rangi mpaka inadondoka.

Zikiwa nyingi usigandishe mbichi, zitakuja kuwa kama sponji. Kata vipande, chemsha dakika 4 kwenye maji yenye ndimu, tia maji ya baridi, chuja, ndo upeleke friza. Au choma nzima utoe nyama yake ugandishe hiyo, mi naona hii ndo tamu zaidi kwa mchuzi wa nazi.

Weusi unaotokea ukishakata ni hewa tu, wala sio sumu. Ikisinyaa kidogo bado unaipika siku hiyohiyo, ila ikiwa na utelezi, ukungu au inanuka, tupa.