Kodi mbili za Meya Mamdani

Tangu Novemba 4, 2025, Zohran Mamdani alipochaguliwa kuwa meya wa New York, swali ninaloulizwa zaidi na wanafunzi wangu wa fedha za serikali za mitaa halihusu Dar wala Dodoma. Wanauliza New York: yule mtoto wa Kampala, ataweza kutimiza ahadi zake?

Kampala ni kweli. Zohran Kwame Mamdani alizaliwa huko mwaka 1991, akahamia New York akiwa na miaka 7. Baba yake, Profesa Mahmood Mamdani, wengi wetu tulimsoma vyuoni kabla ya kumsikia mwanawe, na aliwahi kufundisha hapo Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Furaha ya huku kwetu naielewa. Ila haielezi ushindi.

Alipata kura zaidi ya milioni 1, juu kidogo ya nusu. Kura nyingi kiasi hicho huzipati kwa Waislamu wenzake peke yao, wala kwa wenzake wenye asili ya Kihindi peke yao. Angalia Bronx, sehemu ya jiji yenye watu weusi na Walatino wengi: katika mchujo wa chama cha Democrat wa Juni ilimpa ushindi Andrew Cuomo, gavana wa zamani wa jimbo; Novemba ikampa Mamdani. Asili yake haikubadilika katikati ya miezi hiyo. Alichokuwa akikirudia, kwa Kiingereza, Kihispania, Kiurdu na Kibangla, ni kwamba mji umekuwa ghali. Takriban theluthi mbili ya kaya za New York zimepanga. Dereva wa teksi wa Queens na muuguzi wa Bronx hawasali pamoja, lakini mwisho wa mwezi wanaumwa na kitu kimoja.

Hapa Kiswahili kinanirahisishia kazi, maana neno letu ni moja: kodi. Mamdani aliahidi kodi mbili. Ya pango isipande; ya matajiri ipande. Masikioni ni ahadi pacha. Kiutawala zinakaa katika nyumba mbili tofauti.

Ya pango iko karibu na mkono wake. Zipo nyumba zipatazo milioni 1 ambazo kupanda kwa kodi yake huamuliwa na bodi ya watu 9: wawili wa wapangaji, wawili wa wenye nyumba, watano wa umma. Wote huteuliwa na meya. Enzi za meya wa zamani Bill de Blasio bodi hiyo iliwahi kuzuia kabisa ongezeko kwa mikataba ya mwaka mmoja, mwaka 2015, 2016 na 2020. Kwa hiyo si ndoto. Wenye majengo ya zamani wanalalamika kwamba bima na ukarabati havisubiri, na mimi nisingewapuuza: jengo lisilokarabatiwa anayelala chini ya paa linalovuja ni mpangaji yuleyule.

Ya matajiri ni habari nyingine. Aliomba nyongeza ya asilimia 2 kwenye kipato kinachozidi dola milioni 1 kwa mwaka. Jiji haliwezi kupandisha kodi ya mapato bila bunge la jimbo kule Albany na gavana, Kathy Hochul. Ahadi yake ya mabasi ya bure vilevile: shirika la usafiri, MTA, ni la jimbo. Wa Dar mtanielewa haraka, kwani nauli ya mwendokasi haipangwi na meya.

Msidhani basi kwamba meya huyo ni pambo. Bajeti yake inazidi dola bilioni 110, na kamishna wa polisi ni uteuzi wake. Meya wetu, anayechaguliwa na madiwani wenzake, angeota tu madaraka hayo.

Jambo moja linanikera kila nikisikia kwamba "mji wa wahamiaji umeamua". Zaidi ya theluthi moja ya wakazi wamezaliwa nje ya Marekani, na wasio raia hawapigi kura. Baraza la jiji lilipitisha sheria mwaka 2021 ya kuwaruhusu wenye vibali kupiga kura za jiji. Mahakama ya juu ya jimbo ikaifuta Machi 2025. Wengi wanaokaanga nyama kwenye mikokoteni ya barabarani walimsikia mgombea akiwazungumzia, na siku ya kura wakaendelea kukaanga.

Kwa hiyo ninapowajibu wanafunzi nawaambia waache kuhesabu hotuba. Bodi ya kodi ya pango hupiga kura yake kila Juni, na mikataba inayoguswa huanza Oktoba 1.