Msafiri Apimwe Kifua Wapi: Kwao au Afikako?

Ukaguzi wa afya wa mhamiaji ni nini?
Ni uchunguzi wa kitabibu unaofanywa kabla mtu hajaruhusiwa kuingia na kukaa katika nchi ya ugeni. Kwa wasafiri wetu, jambo kubwa ni kifua kikuu.

Ubishi kuhusu mahali pa kupimia ulianzaje?
Nchini Marekani, sheria ya 1891 iliagiza wahamiaji wakaguliwe na madaktari wa serikali, na kituo cha kupokea wahamiaji cha Ellis Island, katika bandari ya New York, kilifunguliwa tarehe 1 Januari 1892. Aliyekutwa na trakoma, ugonjwa unaopofusha macho, alirudishwa Ulaya kwa gharama ya kampuni ya meli, baada ya kuuza alichonacho na kuvuka bahari akiwa amebanana na wenzake. Wakati mwingine mtoto alikataliwa huku mzazi wake akikubaliwa. Ndiyo maana wengi walidai watu wapimwe bandarini wanakoondokea. Wapinzani walijibu, kwa haki, kwamba daktari anayelipwa na muuza tiketi hawezi kuaminiwa, na serikali za Ulaya hazikupenda maafisa wa kigeni wafanye kazi hiyo katika ardhi zao. Sheria ya 1924 ilipolazimisha visa, upimaji ulianza kuhamia ng'ambo, na mwaka 1925 madaktari wa Marekani waliwekwa katika konsulati zao (ofisi zinazotoa visa) nchini Uingereza.

Na siku hizi?
Uingereza ilikuwa ikipiga picha za kifua katika viwanja vya ndege vya Heathrow na Gatwick. Mwaka 2005 ilianza majaribio ya kupima kabla ya safari, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi za mwanzo, na kuanzia 2012 utaratibu huo ukapanuliwa. Naona ni uamuzi sahihi, kwa kuwa mgonjwa hugunduliwa akiwa karibu na matibabu na ndugu zake.

Nimekohoa kwa wiki tatu. Je, nisubiri visa itoke, nikatibiwe huko?
Hapana. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinapimwa sasa. Kama ni kifua kikuu, kila siku unayosubiri mapafu yanaharibika, na watoto mnaolala nao chumba kimoja wanavuta hewa hiyo hiyo.

Nikimeza antibiotiki za dukani kabla ya kupimwa?
Hapana, tafadhali. Tunaliona hili mara kwa mara na linatuumiza. Baadhi ya dawa hizo hutuliza dalili kwa muda na kuchelewesha utambuzi, huku ugonjwa ukiendelea.

Lakini nikikutwa nacho, safari si imekufa?
Hapana, narudia, hapana. Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa takriban miezi sita, na katika vituo vya umma vya Tanzania na Kenya dawa hutolewa bila malipo. Ukikamilisha dozi na kuthibitishwa kuwa umepona, unaomba upya. Anayeficha makohozi yake yanayotakiwa kupimwa, au kupeleka ya mtu mwingine, hujinyima tiba ambayo angeipata bure.

Nimeshapata cheti cha kuonyesha sina kifua kikuu. Nimemaliza?
Cheti cha Uingereza hudumu miezi sita, nacho huonyesha hali ya siku uliyopimwa. Ukianza kukohoa baada ya hapo, rudi kliniki hata kama tiketi iko mkononi.