Haiumi Tena, Lakini Hujapona

"Dokta, haiumi tena, niruhusu nicheze." Kauli hii nimeisikia Uwanja wa Sokoine, nimeisikia kwenye viwanja vya vumbi vya Uyole, na wiki hii nimeisikia kwa mzazi aliyeniletea kijana wake. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, nahudumia timu za mpira hapa Mbeya, na nimechoka kuijibu mmoja mmoja.

Dhana: Maumivu yakiisha, mchezaji amepona.

Ukweli: Maumivu hutangulia kuondoka, kupona kunafuata nyuma sana. Enka, yaani kifundo cha mguu, ikiteguka, mara nyingi kinachochanika ni ligamenti (utepe mgumu unaounganisha mfupa na mfupa) ya upande wa nje. Uvimbe na maumivu makali hupungua ndani ya wiki moja au mbili, na hapo ndipo simu zinaanza kuita. Lakini nyuzi mpya zinazounga ligamenti hiyo bado ni dhaifu na zimekaa shaghalabaghala. Zinahitaji miezi, wakati mwingine hata mwaka, kujipanga na kukaza. Halafu ligamenti hiyohiyo ndiyo huupa ubongo taarifa mguu umekanyaga vipi. Ikichanika, taarifa zinavurugika, na hazirudi kwa kulala wala kwa kukandwa maji moto yenye chumvi. Zinarudi kwa mazoezi.

Ndiyo maana simuulizi mchezaji kama anaumwa. Namwambia avue viatu, asimame kwa mguu mmoja, afumbe macho. Kwenye mguu mzima anatulia. Kwenye ule wa enka vidole vinang'ang'ania sakafu, mishipa ya juu ya unyayo inatuna, nyonga inayumba, na mara mkono umeshashika ukuta. Huyo ndiye aliyeniambia amepona! Kisha napima kama goti linagusa ukuta bila kisigino kunyanyuka, ananyanyua visigino kwa mguu mmojammoja, anaruka mbele na pembeni, mwisho anakimbia zigizaga. Akishindwa hata kimoja hachezi, awe mfungaji bora au nahodha. Zoezi ninalolisisitiza kuliko yote halina gharama: simama kwa mguu mmoja kila unapopiga mswaki, asubuhi na usiku, na ukishapona usiache. Aliyewahi kuteguka enka yuko kwenye hatari kubwa ya kuteguka tena.

Tazama besiboli ya Marekani. Mwaka 1974 mrusha mpira wa timu ya Los Angeles Dodgers, Tommy John, alichanika ligamenti ya kiwiko cha kushoto. Daktari Frank Jobe alichukua kano kutoka mkono wa kulia akaipandikiza kwenye kiwiko hicho. Msimu mzima wa 1975 Tommy John hakurusha hata mpira mmoja kwenye ligi. Alirudi 1976, akaendelea kucheza hadi 1989. Leo upasuaji huo unaitwa kwa jina lake, na mrushaji aliyefanyiwa bado hukaa nje mwaka mmoja au zaidi, ingawa kiwiko huacha kuuma mapema. Muda wote huo mtaalamu wa timu anahesabu mitupo na kuongeza umbali kidogo kidogo. Kwetu kocha anataka siku kumi, kwa sababu kuna dabi.

Dhana: Sprei ya baridi inatibu.

Inatia ganzi ngozi kwa muda mfupi. Basi.

Dhana: Enka lazima ivutwe na mchuaji ili irudi.

Ligamenti iliyochanika haina mahali pa kurudi, na kuivuta kunaongeza jeraha. Aliyeumia akishindwa kutembea hatua nne, au ukibonyeza ukingo wa nyuma wa mfupa wa kifundo akaruka kwa maumivu, apelekwe kupigwa eksirei.

Dhana: Aliyegongwa kichwa, akiamka mwenyewe aendelee.

Hapana, hapana kabisa. Ubongo unaweza kutikisika hata bila mtu kuzimia. Atolewe, na siku hiyo asirudi uwanjani hata akilia. Ligi Kuu ya besiboli Marekani imeweka tangu 2011 orodha ya pekee kwa majeruhi wa aina hii, na anayewekwa humo hukaa nje angalau siku 7. Sisi tunawamwagia maji kichwani na kuwapigia makofi.

Dhana: Kazi ya kuhudumia majeruhi wa timu ni kubeba begi, anayejua kuchua anaiweza.

Marekani anayeingia kwenye fani hii, wenyewe wanamwita "athletic trainer", sasa anasomea hadi shahada ya uzamili, kisha anafanya mtihani wa bodi. Kwetu njia ya kueleweka ni kusomea fiziotherapia, na hospitali ya KCMC kule Moshi wanaifundisha. Kuchua ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni kupima, kufunga plasta, kumkatalia mwalimu wa timu bila kugombana naye, na kuandika. Kijana anayetaka kujifunza kwangu aje na daftari la majeruhi wa timu ya mtaani kwake: tarehe ya kuumia, mguu upi, vipimo vya kila wiki, na nani alimruhusu kurudi.