Marekebisho ya Kigali ni nini, na yanahusianaje na friji yako?

Ukizunguka maduka ya vifaa vya umeme Arusha au Moshi utakuta friji zenye kibandiko kinachosema gesi yake haidhuru ozoni. Mnunuzi akikisoma anaridhika kwamba chombo hiki ni salama kwa mazingira. Kibandiko hakidanganyi, ila kinaeleza nusu tu ya habari. Gesi inaweza isiguse ozoni kabisa, na bado ikawa kali mno katika kuipasha dunia joto. Marekebisho ya Kigali yaliletwa kwa ajili ya nusu hiyo ya pili.

Ni nyongeza ya Itifaki ya Montreal, mkataba uliosainiwa tarehe 16 Septemba 1987 ili kulinda tabaka la ozoni, gesi ya juu angani inayochuja miale ya jua. Mwaka 1974 wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza kwamba gesi za CFC, zilizokuwa zikitumika kwenye friji na makopo ya kupulizia, hupanda juu sana angani. Huko miale ya jua huzivunja na kuachia klorini, na chembe moja ya klorini huweza kuharibu maelfu ya chembe za ozoni kabla haijatulia. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza wakatangaza kwamba ozoni juu ya Antaktika ilikuwa imepungua vibaya. Nchi zote wanachama wa Umoja wa Mataifa zimeuridhia mkataba huo, jambo la nadra sana katika siasa za dunia.

Ozoni ndiyo inayozuia sehemu kubwa ya mionzi ya urujuanimno, ile inayosababisha saratani ya ngozi na mtoto wa jicho. Moshi tunalijua hili kwa karibu: hospitali ya KCMC ina kitengo kinachotengeneza mafuta ya kujikinga na jua kwa ajili ya watu wenye ualbino. Hapa, karibu na Ikweta, jua ni kali hata tabaka likiwa zima. Lakini naomba tusichanganye mambo. Nimesikia mara nyingi ikisemwa kwamba barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inapungua kwa sababu ya tundu la ozoni. Sivyo. Tundu lile liko juu ya ncha ya kusini ya dunia, na kazi ya ozoni ni kuchuja mionzi. Ongezeko la joto duniani ni tatizo jingine, linalotokana zaidi na hewa ukaa na gesi nyingine zinazonasa joto.

Matatizo haya mawili yalikutana kwenye friji. CFC kama R-12 (herufi R na namba hutambulisha aina ya gesi) zilipoondolewa, viwanda vilihamia HCFC, hasa R-22 ya kwenye viyoyozi, ambayo hudhuru ozoni kwa kiasi kidogo. Kisha zikaja HFC zisizo na klorini: R-134a kwenye friji na AC za magari, R-410A kwenye viyoyozi vya nyumbani, R-404A kwenye vyumba vya baridi. Ozoni ikapata nafuu. Lakini ukihesabu joto linaloletwa ndani ya miaka 100, kilo moja ya R-134a inapasha joto kama kilo 1,430 za hewa ukaa. R-404A inafika 3,922. Maana yake, kilo moja tu ikivuja kwenye friza la bucha ni karibu tani nne za hewa ukaa.

Basi tarehe 15 Oktoba 2016, alfajiri, baada ya mazungumzo ya usiku kucha mjini Kigali, nchi zilikubaliana kuziingiza HFC ndani ya Itifaki. Makubaliano yakaanza kutumika tarehe 1 Januari 2019. Lengo ni kuzipunguza, si kuzifuta zote. Nchi tajiri zinatakiwa kupunguza asilimia 85 ifikapo 2036. Kundi kubwa la nchi zinazoendelea, zikiwemo za Afrika, lilipangiwa kusimamisha ongezeko mwaka 2024, kupunguza asilimia 10 mwaka 2029, na kuendelea hadi asilimia 80 mwaka 2045. Hesabu hufanywa kwa uzito wa joto ambalo gesi inaleta, hivyo nchi inayoagiza gesi kali humaliza kiwango chake mapema. Yakitekelezwa, yanaweza kuepusha hadi nusu nyuzi ya joto kufikia mwisho wa karne hii.

Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya kazi iko mikononi mwa mafundi, kwenye karakana kama za mtaa wa Unga Limited, Arusha. Gesi iliyomo ndani ya mabomba haidhuru anga. Inadhuru ikitoka. Friji ikiacha kugandisha, tumezoea kumwambia fundi "ongeza gesi", ilhali gesi haichakai. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Kuijaza bila kuziba tundu ni kuipeleka angani kwa fedha yako mwenyewe. Na kabla ya kukata bomba, gesi ivutwe kwa mashine na kuhifadhiwa kwenye mtungi, isifunguliwe itoke.

Mbadala upo: R-600a kwenye friji za nyumbani na R-290 kwenye friza na baadhi ya viyoyozi. Athari yake kwa joto la dunia ni ndogo mno, lakini zote zinawaka moto, kwa hiyo zinahitaji fundi aliyefunzwa na chombo kilichoundwa kwa ajili yake. Usikubali mtu ajaze friji gesi ya mtungi wa jikoni.

Anayenunua AC ya mtumba asome kwanza lebo yake. Ikiwa imeandikwa R-22, ajue kwamba nchi zinazoendelea zinatakiwa kuwa zimepunguza matumizi ya gesi za HCFC kwa asilimia 97.5 ifikapo 2030, na kiasi kidogo kitakachobaki ni cha matengenezo tu.