Je, wajua kwa nini "tawala" hugeuka "hatawali" lakini "hukumu" halibadiliki?

Mfalme aliyepinduliwa hatawali. Hakimu aliyestaafu hahukumu. Vitenzi vyote viwili ni vya mwenye nguvu juu ya wenzake, na vyote viko kwenye kanusho la wakati uliopo. Hata hivyo kimoja kimeiacha irabu yake ya mwisho na kingine kimeing'ang'ania.

Jibu la haraka ni kwamba hukumu ni neno la Kiarabu na tawala ni la Kibantu. Nusu ya kwanza ni sawa. Ya pili si kweli, na inastahili kufumuliwa taratibu kwa sababu ina kila dalili ya ukweli.

Tawala limetoka kwenye Kiarabu tawalla, yaani kushika usimamizi wa jambo, kulichukua mikononi. Mzizi wake ni herufi w-l-y, na ndugu zake tunao humuhumu ndani ya Kiswahili: wilaya, walii, Mola, na liwali, yule aliyewekwa na Sultani wa Zanzibar kusimamia mji wa pwani. (Mtawa hamo katika ukoo huu, ingawa sauti inamvuta. Yeye ni wa kitenzi tawa, kujitenga na watu.)

Kinachopotosha ni ile -a ya mwisho. Kanuni ya Kiswahili inasema kitenzi kinachoishia na -a huigeuza kuwa -i katika kanusho la wakati uliopo, na kuwa -e katika ombi au matakwa: asoma, hasomi, asome. Kitenzi kinachoishia na irabu nyingine hakiguswi: ahukumu, hahukumu, na tena ahukumu. Kanuni hiyo haikiulizi kitenzi kilizaliwa wapi. Inatazama irabu ya mwisho tu. Ni kama ufunguo wa jirani unaofungua mlango wako: hamkuzaliwa nyumba moja, meno yamelingana tu. Tawala lilifika likiwa na meno yanayolingana, likaingia, na leo linasema hatawali, atawale, msitawale, bila mtu kulishuku.

Ukitaka kuiona bahati hiyo, lipange na wenzake wa umbo lilelile la Kiarabu, lile linaloanza na ta-: tafakari, tahayari, tabaruku, tamalaki. Hayo yote yaliishia na irabu nyingine, ndiyo maana tunasema hatafakari na hatahayari, si vinginevyo. Lililoangukia upande wa tawala ni tawadha: asiye na udhu ni yule ambaye hajatawadha, na asiyejali swala hatawadhi. Yaelekea sababu iko kwenye mizizi. Katika tafakkar mzizi unafungwa na konsonanti nzito, r, na Kiswahili, kisichopenda neno liishie hivyo, kikaongeza -i. Katika tawalla na tawadha konsonanti ya mwisho ya mzizi ni dhaifu, imemezwa, na kilichobaki kusikika ni a.

Ujanja wa tawala unafika hadi kwenye unyambuaji. Kama lala huzaa laza, tawala limezaa tawaza, kumweka mtu kwenye kiti cha enzi. (Kuna tawaza jingine, la kumwosha mtoto baada ya haja. Linatoka upande wa udhu, na ni vyema kulikumbuka kabla ya kuandika kichwa cha habari kuhusu kutawazwa kwa mtu mkubwa.) Panapoonekana ugeni ni kwenye kutendwa. Soma hutoa somwa, lakini tawala halitoi tawalwa. Tunasema tawaliwa, kwa mwisho uleule wa hukumiwa.

Kisha kuna kituko ambacho sarufi imekiacha kipite. Simba atawala. Sentensi hiyo ina maana mbili kamili. Ya kwanza: simba ni mtawala. Ya pili, ukiikata a-ta-wa-la: simba atakula wale, mbuzi tuseme. Mkazo uko palepale, kwenye wa, kwa hiyo sikio halikusaidii. Kanusho ndilo linalozitenganisha: simba hatawali, mbuzi bado wako hatarini, simba hatawala, mbuzi wamepona.

Kuhusu maana, tawala si tendo la mara moja, ni hali inayodumu. Hapo linaachana na amuru. Jemadari anaweza kuamuru mara tatu asubuhi moja, lakini ukisema alitawala mara tatu, tunaelewa alitoka madarakani na kurudi. Miliki ni kuwa na kitu, na watangazaji wa mpira wanaijua tofauti hii vizuri: timu yaweza kumiliki mpira muda mrefu na isiutawale mchezo. Ongoza ni kwenda mbele ya wengine, simamia ni kuangalia kazi ifanyike, tiisha ni kumfanya mtu atii, apende asipende. Hukumu limebanwa kwenye kesi na uamuzi, ingawa mzizi wake wa Kiarabu hubeba pia maana ya kutawala. Tamalaki ni kisawe cha karibu kuliko vyote. Biblia ya Kiswahili inalitumia katika Zaburi ya 93, "Bwana ametamalaki", lakini kwenye nathari ya leo linatamalaki zaidi giza na ukimya kuliko wafalme.

Kwenye nomino, wanaochanganya zaidi huchanganya mamlaka, madaraka na utawala. Mamlaka ni nguvu ya kisheria, na pia chombo kilichopewa nguvu hiyo, kama Mamlaka ya Mapato. Madaraka ni wadhifa na majukumu yake. Utawala ni mfumo mzima au kipindi chake. Kenya ilipata madaraka tarehe 1 Juni 1963, yaani serikali ya ndani, lakini utawala wa Uingereza haukuisha siku hiyo. Uhuru ulikuja 12 Desemba 1963. Mipaka hii hulegea katika mazungumzo, na matumizi mabaya ya madaraka husemwa pia kuwa ya mamlaka.

Maana ya asili, ile ya kushika usimamizi, imebaki hai zaidi maofisini. Katibu Tawala wa Mkoa nchini Tanzania hamtawali mtu kwa maana ya kifalme: ni mtendaji mkuu wa utumishi wa umma mkoani, chini ya Mkuu wa Mkoa. Na TA ya TAMISEMI, ofisi ya serikali ya Tanzania inayoshughulikia Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, ni Tawala, wingi wa utawala, kama falme ilivyo wingi wa ufalme. Ndiyo maana afisa utawala anayepanga likizo na mafaili ya watumishi ana haki ya kukasirika ukimtambulisha kuwa ni mtawala.